Swali la Watoto wa Bembea

Mlango uliobishwa ulikuwa wa nyuma, ule wa jikoni, ambao kwa kawaida hubishwa na jirani tu. Clifford Entwistle alikuwa anamenya viazi vya chakula cha Jumapili. Alifungua akiwa na kisu mkononi na aproni kiunoni, akamkuta mwanamke asiyemjua hata kidogo, amelowa chapachapa, buti zimejaa tope mpaka vifundoni.

"Samahani, baba," mwanamke alisema. "Hicho kisu ni cha viazi au cha wageni?"

"Inategemea mgeni anauza nini."

"Siuzi kitu. Namtafuta Mheshimiwa."

"Mheshimiwa huonana na watu Ijumaa, pale ukumbini. Leo Jumapili ni mke wangu tu."

"Ijumaa sitakuwepo hapa Haslowe. Leo tunang'oa, kesho alfajiri tunaondoka."

"Mnang'oa nini?"

"Bembea, baba. Gurudumu kubwa, vigari vya kugongana, kila kitu. Kesho kutwa tutakuwa mji mwingine, na mbunge wa huko ataniambia mimi si mtu wake."

Clifford alimtazama vizuri. Wiki nzima alikuwa akisikia muziki wa bembea kutoka uwanja wa mnada wa ng'ombe, na usiku taa zake zilikuwa zikipaka mawingu rangi. Hakuwahi kufikiri kwamba nyuma ya zile taa kuna mtu mwenye shida ya kumleta mlangoni kwake. Akasogea pembeni. Mwanamke akavua buti, akaingia na soksi.

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya mkewe, Nora, akilihutubia kabati la vyombo.

"Anaongea na nani?" mgeni aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na Bunge. Ila leo Bunge limejaa sahani."

Hotuba ile Clifford aliijua neno kwa neno, maana ilikuwa ikikua ndani ya nyumba yao kama mtoto wa tatu. Tangu aingie bungeni, kila ulipoletwa muswada wa elimu, Nora alisimama kudai jambo moja: kila shule ya msingi nchini iwe na chumba cha vitabu na mtu wa kukitunza. Kila mara aliangushwa. Walimcheka, wakamwita Mama Vumbi, wakamwambia watoto wa siku hizi hawahitaji makaratasi. Hakuacha. Na sasa, mwishoni kabisa, mambo yalikuwa yamegeuka. Uchaguzi ulikuwa umetangazwa, Bunge lilikuwa karibu kuvunjwa, na Nora mwenyewe alikwisha sema hatagombea tena kwa sababu nyonga yake imechoka. Muswada wa mwisho wa elimu ungejadiliwa Jumanne. Kifungu chake cha vitabu kilikuwa ndani, na safari hii wabunge wa pande zote mbili walikuwa wamemwahidi kura. Kilichobaki ni yeye kusimama, kukitetea, na kumaliza kwa kuomba kipigiwe kura. Kwa desturi, kifungu ambacho mwenyewe hakukiombea kura hakipigiwi kura, kinaanguka.

Alipotokea jikoni, miwani ikiwa juu ya paji la uso, mgeni alisimama.

"Kaa, dada, kaa. Clifford, umempa chai?"

"Ndiyo kwanza namnyang'anya buti."

Mgeni aliitwa Loretta Marwood. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akaeleza haraka haraka, kama mtu aliyezoea kukatishwa. Watu wa bembea huanza kutembea majira ya kuchipua na kurudi kwenye uwanja wao wa kukaa msimu wa baridi majani yakiisha mitini. Watoto wao wana shule huko kwenye uwanja wa baridi. Wakiwa njiani, mwalimu huwatumia masomo na kuwasikiliza kwa tableti, na sheria ya zamani iliwatambua: mtoto wa mtu ambaye kazi yake ni kutembea hakuhesabiwa mtoro. Muswada mpya uliifuta sheria ile bila kusema lolote juu yao. Mtoto akikosekana darasani, mzazi anapigwa faini. Akirudia, mahakamani.

"Mwanangu Coral ana miaka tisa," alisema. "Muswada ukipita hivi ulivyo, itabidi nimwache kwa shangazi yake kuanzia kuchipua mpaka baridi. Hajawahi kulala mbali na mimi. Na wenzake hivyo hivyo, familia zote za bembea. Tutakuwa tunazungusha watoto wa watu wakati wetu wako mbali."

"Mbunge wako ni nani?" Nora aliuliza. "Wa kule kwenye uwanja wa baridi."

Loretta alicheka, lakini si kwa furaha. "Adrian Stukeley."

Clifford aliacha kumenya. Stukeley ndiye alikuwa Waziri wa Elimu. Muswada ulikuwa wake.

"Ofisi yake ilisema hiyo ni sera ya serikali. Basi nikawafuata wabunge wa kila mji tuliopita. Wote wananiambia hivyo hivyo, kwa upole kabisa: mama, wewe si wa kwangu, nenda kwa mbunge wako."

Nora alivua miwani. Mwiko huo aliujua kuliko mtu yeyote: mbunge hashiki kesi ya mtu wa mbunge mwenzake. Unaheshimiwa kuliko sheria nyingi zilizoandikwa, na mwenye kuuvunja hasalimiwi korido nzima. Kwa watu wenye nyumba zisizohama ni mwiko mzuri. Kwa mtu anayehama maana yake ni kwamba popote alipo, hayupo.

"Kesi yako siwezi kuibeba, Loretta," alisema polepole. "Lakini sheria ni ya kila mtu. Naweza kumuuliza Waziri, mbele ya Bunge, sheria yake itawafanya nini watoto wa watu wa bembea. Akishajibu kwa mdomo wake pale mezani, jibu linaandikwa, na hakimu yeyote anaweza kulisoma."

"Na asipojibu?"

Clifford akaona vidole vya Nora vinagonga meza, akajua nyama ya tanuri haitaliwa kwa wakati.

"Nataka kuwaona hao watoto," Nora alisema.

"Nyama itaungua," Clifford alisema.

"Si uzime tanuri, mzee."

*

Mvua ilikuwa imekatika walipofika uwanja wa mnada. Clifford alikuwa mwalimu wa useremala maisha yake yote, na alidhani anajua maana ya kuunda na kuundua. Aliposhuka garini akasimama, akasahau kufunga mlango.

Gurudumu kubwa lilikuwa linashushwa. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetoa amri. Wanaume na wanawake walikuwa juu ya vyuma kama ndege juu ya waya, kila mmoja akichomoa pini yake, na mkono wa gurudumu ukishuka kulikuwa na mikono ya watu tayari kuupokea, na kwenye tela kulikuwa na nafasi yake tayari. Kitu kilichokuwa juu kuliko mnara wa kanisa kilikuwa kinakunjwa kama mwamvuli. Clifford akajikuta amevua kofia.

"Kila kipande kina mahali pake," alisema peke yake.

"Funga mdomo, nzi wataingia," Nora alisema, lakini naye alikuwa ameinua uso juu.

Coral walimkuta ndani ya kibanda cha tiketi cha vigari vya kugongana, kwa kuwa ndicho kilichokuwa bado kina umeme. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha muuza tiketi, na sakafuni palikuwa na watoto wadogo wamebanana magoti kwa magoti. Alikuwa anawasomea. Habari yenyewe ilikuwa ya nyangumi: moyo wa nyangumi ulivyo mkubwa, na jinsi unavyopiga polepole akizama. Nje jenereta ilinguruma na vyuma viligongana, ila ndani ya kile kibanda hakuna mtoto aliyejikuna. Kwenye tableti iliyoegemezwa kioo alikuwapo mwalimu wao, mwanamke mwenye mvi, akisikiliza siku ya Jumapili akiwa na kikombe chake cha chai, kwa hiari yake.

Nora Entwistle, aliyehutubia juu ya vitabu miaka yote hiyo, alisimama mlangoni na hakusema neno mpaka nyangumi alipoibuka kupumua.

"Wewe ndiye wa Bunge?" Coral aliuliza akifunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Ndiye mimi."

"Bunge linahamaga?"

"Halihami. Limekaa palepale kando ya mto, miaka mamia kwa mamia."

"Sasa linajuaje huku kukoje?"

Loretta alimkanya. "Coral! Adabu."

"Nauliza tu, mama."

Clifford alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Nora hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto kama anavyotazamwa mtu aliyetoa hoja.

"Linajua kwa kuulizwa," alisema. "Ndiyo kazi yangu. Jumanne nitamuuliza Waziri habari zenu."

"Watu wazima husema 'nitauliza,' halafu wanasema 'tutaona.'"

"Sitasema tutaona."

"Na yeye akisema tutaona?"

Nora aliinama, mkono kwenye nyonga, mpaka macho yao yakawa sawa. "Basi sitakaa chini mpaka anijibu. Nakuahidi."

Coral alifikiri, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwa nyangumi wake.

Njiani kurudi Clifford akasema, "Utazipata wapi dakika za yote mawili?"

"Tumeahidiwa dakika nane kila msemaji. Sita za vitabu, mbili za bembea. Zinatosha na kubaki."

*

Jumanne Clifford alikaa kwenye roshani ya wageni tangu mapema, suti yake ya harusi ikimbana mabegani. Mlinzi mwenye koti rasmi lenye mkia nyuma alimwonyesha kiti na kumnong'oneza masharti: hakuna kupiga makofi, hakuna kusimama, hakuna kusema. Alishawahi kuja mara kadhaa, na kila mara ilimpata hali ileile, ya kuhisi kwamba mbao zile zinasikiliza. Mabenchi ya kijani yalikabiliana yakiwa yamejaa mpaka watu walikaa kwenye ngazi. Katikati meza, na juu ya meza sanduku la shaba na mbao ambalo Mawaziri huliegemea wanapojibu. Chumba kidogo, kidogo kuliko karakana aliyofundishia. Lakini neno likisemwa mle, kuna mtoto mahali fulani anayeamka kesho maisha yake yamebadilika. Jambo hilo lilimshangaza Clifford kila alipolifikiri, na hakutaka siku ifike ambapo halimshangazi.

Asubuhi, kwenye chai, Nora alikuwa amemwambia kwamba jana yake alimfuata Waziri kwenye ukumbi wa chai kumpa taarifa, kwa adabu ya kazi, kwamba atagusa watu wa jimbo lake. Stukeley alikuwa muungwana. "Niandikie, Nora," alisema. "Nitakujibu vizuri sana." Nora akamwambia Clifford, "Nimewahi kujibiwa vizuri sana mara nyingi. Hakuna hata moja niliyoweza kumsomea hakimu."

Mjadala ukaanza. Na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo Clifford hakuipenda kuitazama. Mbunge anayetaka kusema hana pa kubonyeza wala pa kupanga foleni. Kila msemaji anapomaliza, wote wanaongoja husimama wima kwa pamoja, ili jicho la Naibu Spika liwaone. Anaitwa mmoja, wengine wanakaa. Akimaliza, wanasimama tena. Ukitoka kwenda kula, au hata kwenda haja, nafasi yako imekwenda. Nora alikaa safu ya tatu, gauni la bluu, na kila mara aliinuka kwa kushika benchi la mbele, akasimama, hakuitwa, akajishusha. Akainuka, hakuitwa, akajishusha. Mchana ulipita. Kijana mmoja aliyekaa karibu naye alimpa mkono wa kujiinulia. Safari ya kwanza aliukataa, baadaye akaukubali.

Kila aliyesimama alikuwa na mambo ya kuaga nayo, kwani wengi wasingerudi. Naibu Spika, mama mmoja mwenye sauti ya muuguzi, akatangaza kwamba dakika nane sasa ni tano. Wabunge wakaguna. Clifford akaanza kukata hotuba kichwani: ondoa ile habari ya shule ya bandarini, ondoa takwimu. Baada ya muda zikawa tatu. Ondoa utangulizi wote, anza na mtoto na kitabu. Alimwona Nora chini akipindua kurasa zake, akipindua, akizidi kupindua, hadi mkononi ikabaki moja.

"Wasemaji bado ni wengi," Naibu Spika akasema, "na saa ya kura haisogei. Kuanzia sasa, dakika mbili. Nora Entwistle."

Alisimama. Ukumbi ukapiga ile ngurumo yao ya koo, ya kumheshimu mtu anayesema mara ya mwisho. Hata upande wa pili walinguruma. Saa ya ukutani ikaanza kuhesabu.

Clifford alikuwa ameshika ukingo wa roshani. Dakika mbili zilitosha vitabu, kwa shida, ukienda mbio, na ombi la kura mwishoni. Au zilitosha bembea. Hazikutosha vyote viwili. Akaziona nywele nyeupe za mkewe zikiinama kwenye ule ukurasa mmoja, kisha akamwona anaugeuza, maandishi chini, anauweka kwenye benchi.

"Mheshimiwa Naibu Spika," Nora alisema, "Jumapili nilimsikiliza msichana wa miaka tisa akisoma. Alisoma ndani ya kibanda cha tiketi, na baba zake wadogo wakibomoa gurudumu juu ya kichwa chake, na hakukosea hata neno. Mwalimu wake alikuwa anamsikiliza kutoka mbali, Jumapili, bila kulipwa. Nimekaa kwenye kamati nyingi za elimu ndani ya jengo hili. Sikumbuki kama nimewahi kuiona elimu karibu vile."

Hata waliokuwa kwenye ngazi waliacha kunong'onezana.

Aliwaeleza, kwa sentensi fupi fupi: watoto wa bembea, msimu wa kutembea, sheria ya zamani iliyowatambua, muswada unaoifuta. Hakumtaja Loretta. Hakutaja jimbo la mtu. "Hawa hawakai mahali pamoja muda wa kutosha hata mbunge mmoja awaite watu wangu," alisema. "Kwa hiyo kwa dakika hizi mbili nawaita wangu. Namuuliza Waziri: chini ya sheria hii, mtoto anayesafiri na wazazi wake kwa kazi yao, na anayesoma huko njiani, atahesabiwa mtoro? Ndiyo au hapana?"

Waziri Stukeley alikuwa amegeuka nyuma akizungumza na msaidizi wake. Aligeuka mbele, akatabasamu, akafanya ishara ndogo ya kuandika hewani. Nitakuandikia.

Saa ilikuwa imebakiza sekunde chache.

Hapo akainuka mtu wa upande wa pili. Sir Piers Wolstenholme, mrefu kama nguzo ya simu, mpinzani wa Nora tangu siku ya kwanza, aliyebuni jina la Mama Vumbi na kulifurahia miaka yote. Kwa kanuni ya pale, mtu akikukatiza nawe ukamruhusu, unaongezewa dakika moja. Sir Piers aliijua kanuni hiyo vizuri.

"Nitampa nafasi," Nora alisema.

"Namshukuru Mheshimiwa," Sir Piers alisema kwa sauti yake ya kukokota. "Ametusumbua kuhusu maktaba tangu nikiwa na nywele. Je, haoni ni aibu aondoke humu bila kutusumbua mara ya mwisho?"

Ukumbi ulipasuka kicheko. Yule mtu alikuwa amempa Nora zawadi. Dakika nzima, mezani, imefunguliwa kabisa, na jina la vitabu limekwisha tajwa. Sir Piers alikaa bila kumtazama mtu, akipangusa suruali yake.

Wabunge wa upande wa Nora waligeuka wote kumtazama. Wengine walishikilia karatasi zao tayari kwa kura. Clifford akajikuta midomo yake inatamka, bila sauti, mwanzo wa ile hotuba aliyoijua kama jina lake: Kila mtoto katika nchi hii ana haki ya mlango mmoja unaofunguka.

Sema, mama, aliomba. Sema.

Nora alinyoosha mgongo. Ilimchukua muda, maana nyonga ilikuwa imeganda.

"Namshukuru Mheshimiwa rafiki yangu," alisema. "Na ninamwita rafiki, hata kama kanuni inataka nimwite mpinzani. Amenipa dakika, na najua alitaka niitumie kwa nini." Alisita. Clifford, aliyemjua kuliko mtu yeyote mle ndani, alisikia jinsi pumzi yake ilivyokwama hapo. "Lakini nimeuliza swali na sijajibiwa. Namuuliza tena Waziri. Mtoro, au si mtoro?"

Mguno wa mshangao ulipita kwenye mabenchi. Sir Piers alifumba macho.

Waziri aliinuka nusu, mkono kwenye sanduku. "Nitafurahi kumwandikia Mheshimiwa."

"Bunge linavunjwa," Nora alisema, akiwa bado wima. "Barua ya Waziri itanikuta jikoni kwangu, na jikoni kwangu hakuna hakimu. Nipo hapa sasa. Nina sekunde kadhaa na sina haraka nazo. Nitazimaliza nimesimama hivi hivi, nikimngoja."

Na akangoja.

Clifford hakuwahi kusikia kimya kama kile. Saa ya ukutani ilikuwa inakula dakika ya Sir Piers, inakula maktaba zote za shule za nchi nzima, chumba baada ya chumba, na yule mwanamke aliyezipigania tangu nywele zake zikiwa nyeusi alisimama anaziangalia zikienda, mikono imening'inia, uso kwa Waziri. Hakuna aliyemzomea. Hakuna aliyekohoa. Mtu mmoja upande wa pili alisema chini chini, "Mjibu, bwana." Mwingine akasema, "Mjibu mama wa watu." Kisha ikawa kama ngurumo inayotoka mbali, pande zote mbili, mjibu, mjibu, na Naibu Spika, ambaye kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha, alikuwa anatazama karatasi zake kama aliyekuta humo jambo la kuvutia mno.

Stukeley alitazama nyuma kwa msaidizi wake. Msaidizi alitazama sakafu. Waziri akainuka kabisa, akashika sanduku kwa mikono miwili, na lile tabasamu halikuwepo tena. Sasa alionekana kama mtu tu, mwenye umri wa watoto wa Clifford na Nora.

"Mtoto anayesafiri na wazazi wake kwa kazi yao, na anayesoma akiwa njiani," alisema, na sauti ilimtoka taratibu kwa sababu alijua kila neno linaandikwa, "hatahesabiwa mtoro chini ya sheria hii. Wala mzazi wake hatatozwa faini. Nalithibitishia Bunge."

"Namshukuru Waziri," Nora alisema. "Na sasa, Mheshimiwa Naibu Spika, kuhusu kifungu changu cha—"

"Muda," Naibu Spika alisema, kwa huzuni ya kweli. "Muda umekwisha, Mheshimiwa."

Nora aliinamisha kichwa kwa kiti cha Spika, kama desturi inavyotaka. Halafu, kwa kuwa alikuwa amejibiwa, akakaa chini.